Tabibu Aliyeuliza Habari za Kazi

Ukiondoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, utaingia Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Tangu zamani mkoa huo umejulikana kwa mikorosho, mihogo na mkaa. Siku hizi unajulikana pia kwa viwanda, na mojawapo ya sehemu zilizotengwa kwa ajili ya viwanda ni Zegereni.

Sasa fikiri kwamba watu wawili wa Zegereni wamefika katika zahanati asubuhi moja. Wote wawili wanakohoa, na wote wanalalamika kwamba vifua vinawabana. Wa kwanza huchoma matanuri ya mkaa. Wa pili hupakia mifuko ya saruji kutwa nzima. Mganga akiwapima joto na kusikiliza vifua vyao tu, anaweza kuwapa dawa ya aina moja na kuwarudisha makwao. Kesho yake mmoja atarudi kwenye moshi na mwingine kwenye vumbi, na dawa haitafaa kitu. Ili mganga ajue chanzo cha maradhi yao, hana budi kuwauliza hufanya kazi gani.

Swali hilo ni jepesi. Hata wewe ungeweza kuliuliza. Lakini kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya hawakulitia katika maswali yao. Tangu zama za Hippocrates, tabibu mashuhuri wa Ugiriki ya kale, wanafunzi wa utabibu walifundishwa kumwuliza mgonjwa anaumwa nini, tangu lini, na amekula nini. Aliyetaka swali la kazi liongezwe ni Mwitalia mmoja, jina lake Bernardino Ramazzini.

Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, kaskazini mwa Italia. Alisomea falsafa na utabibu huko Parma, akahitimu mwaka 1659. Kisha alikwenda Roma kujizoeza kazi, na baadaye akawa tabibu katika vijiji visivyo mbali na mji huo. Huko alishikwa na malaria, akadhoofika mno hata ikambidi arudi Carpi kujiuguza. Katika siku hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwishoni mwa karne ya 19. Watu walidhani kuwa homa hiyo hutokana na hewa mbaya ya mabwawa, na hiyo ndiyo maana ya neno malaria katika Kiitalia. Mwaka 1671 alihamia mji wa Modena, na mwaka 1682 akawa mwalimu wa utabibu katika chuo kikuu cha mji huo.

Ilikuwa katika Modena kwamba alikutana na mtu aliyemfungua macho. Mtu huyo hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mzoa kinyesi.

Nyumba za Modena zilisongamana, na kila nyumba ilikuwa na shimo la choo ambalo lilipaswa kuzolewa kila baada ya miaka michache. Siku moja wafanyakazi walikuja kuzoa shimo la nyumba ya Ramazzini. Alimwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka na kwa shida kubwa, akamhurumia, akamwuliza kwa nini hapumziki. Yule mtu aliinua macho kutoka shimoni akamweleza kwamba asiyewahi kufanya kazi ile hawezi kujua jinsi ilivyo kukaa mle zaidi ya saa nne, kwa maana ni sawa na kupofuka. Alipotoka, Ramazzini aliyachungulia macho yake, akayaona ni mekundu na yamefifia. Akamwuliza kama wana dawa. Akajibiwa kwamba dawa yao ni moja tu: kurudi nyumbani, kujifungia katika chumba chenye giza mpaka siku ya pili, na kuyaosha macho kwa maji ya uvuguvugu.

Tazama jinsi tabibu huyu alivyoendelea. Aliuliza kama koo linawawasha, kama kichwa kinauma, kama pumzi zinawapaa. Aliambiwa hapana, ni macho tu. Kisha alianza kuwatazama ombaomba vipofu wa mjini, akagundua kwamba baadhi yao walikuwa wamefanya kazi hiyo hiyo. Huo ni uchunguzi wa kisayansi: kuona, kuuliza, kulinganisha, na kutafuta ushahidi mahali pengine.

Leo tunajua jambo ambalo yeye hakulijua. Katika shimo la choo, uchafu uozapo hutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo huigeuza fedha kuwa nyeusi, na huunguza ngozi laini ya jicho. Ikiwa nyingi, huua pua kwanza, yaani mtu huacha kuisikia harufu yake, kisha humwua mtu mwenyewe. Kwa hiyo wazibuaji wa vyoo, ambao Dar es Salaam huitwa vyura, wamo katika hatari ile ile aliyoiona Ramazzini. Usikubali kamwe kuingia katika shimo la choo, hata kama ni kuokota kitu kilichotumbukia.

Tangu siku hiyo Ramazzini alizoea kuingia katika karakana za mafundi. Matabibu wengi wa wakati wake walivaa vizuri na kuwatembelea matajiri. Yeye aliona kwamba tabibu aingiapo katika nyumba ya maskini hapaswi kumshika mkono haraka haraka na kuondoka, bali aketi, hata kama kilichopo ni kigoda cha miguu mitatu, amwulize mgonjwa kwa utaratibu. Aliwakuta wafinyanzi wakisaga risasi ili kung'arisha vyungu. Mikono yao ilitetemeka, na baadaye ililegea. Aliwakuta watengenezaji wa vioo wakishughulika na zebaki, na wachonga mawe wakivuta vumbi lenye ncha kali. Aliandika habari za wachimba migodi, waoka mikate, madobi, wakunga na wakulima. Hata makarani hakuwasahau, kwa kuwa hukaa kutwa na kuuchosha mkono kwa mwendo ule ule mmoja.

Mwaka 1700 alichapisha kitabu chake kwa Kilatini, kikieleza maradhi ya kazi zaidi ya arobaini. Mambo kadhaa ndani yake si sahihi, maana elimu ya kemia ilikuwa bado changa. Hata hivyo, alichokiona kwa macho yake alikiona barabara.

Chukua mfano wa wachambuaji wa katani na kitani za Ulaya. Ramazzini aliandika kwamba vumbi la nyuzi huwaingia kinywani na kifuani, likawakohoza na kuwaletea pumu. Katani hiyo si mkonge wetu, lakini nyuzi ni nyuzi. Mwaka 1978 zilichapishwa habari za utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa viwanda vya mkonge vya Tanzania. Wale wa vyumba vya brashi, ambamo singa husuguliwa na kutoa vumbi jingi, walionekana kuumwa kifua kuliko wale wa vyumba vya kusokota. Maradhi ya namna hiyo yana dalili ya ajabu: kifua hubana zaidi siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko. Mganga asiyeuliza habari za kazi angewezaje kuitambua Jumatatu hiyo?

Ramazzini alishauri wafanyakazi wafanye kazi penye hewa ya kutosha, waugeuzie vumbi kisogo, na wajioshe. Wazoa kinyesi aliwashauri wafunike nyuso kwa kibofu cha mnyama kinachopitisha mwanga. Lakini hakuwa na uwezo wa kumlazimisha tajiri yeyote kufungua dirisha, na alijua vizuri kwamba maskini haachi kazi inayomdhuru ikiwa watoto wake wanataka chakula. Jambo hilo lilihitaji sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba wafanyakazi wake wanapimwa afya, tena kwa kufuata kazi wanazozifanya, na wakaguzi wana ruhusa ya kuingia viwandani.

Mwaka ule ule wa 1700 Ramazzini aliitwa kufundisha katika chuo kikuu cha Padua. Alikuwa na umri wa miaka 66, na afya yake haikuwa njema. Macho yake yalizidi kufifia mpaka akawa kipofu. Hata hivyo hakuacha kukiongeza kitabu chake. Mwaka 1713 kilichapishwa tena kikiwa na sura 12 zaidi. Alifariki dunia huko Padua tarehe 5 Novemba 1714, siku aliyokuwa akienda kufundisha.

Sasa fanya jaribio hili. Chukua karatasi mbili nyeupe, uzipake mafuta kidogo. Weka moja katika darasa litakalofagiwa pakavu, na ya pili katika darasa litakalonyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa. Ziache kwa muda wa nusu saa, kisha uzitazame kwa lenzi. Karatasi ipi imenasa vumbi jingi? Kumbuka kwamba vumbi unaloliona ni lile zito; lililo jembamba zaidi hubaki hewani, na ndilo linaloweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Andika matokeo katika daftari lako, pamoja na jina la mtu aliyefagia kila darasa, na umwulize alijisikiaje.