Salamu Mbili za Helene Mayer

Mnamo Julai 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Kenya iliwakilishwa kwa mara ya kwanza katika mchezo wa vitara. Mwakilishi wetu, Alexandra Ndolo, alishindwa katika pambano lake la kwanza, na macho ya wengi wetu, kama ilivyo ada, yalikuwa yakisubiri mbio. Katika ukumbi wetu wa walimu mazungumzo hayakuhusu ufundi wake bali asili yake. Baba yake ni Mkenya. Yeye mwenyewe alizaliwa na kulelewa Ujerumani, akaichezea nchi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kujiunga na bendera yetu mwaka 2022, mwaka uo huo alioiletea Ujerumani nishani ya fedha katika mashindano ya dunia mjini Cairo. Mwenzangu mmoja alitaka kujua kama huyu ni wetu au ni wa Wajerumani. Aliuliza bila nia mbaya, tena chai ilikuwa bado moto. Hata hivyo, swali lile lilinikumbusha mwanamke mwingine wa vitara aliyewahi kuulizwa jambo lilo hilo, na waliomwuliza hawakuwa watu wa mzaha.

Helene Mayer alizaliwa tarehe 20 Desemba 1910 huko Offenbach, mji wa mafundi wa ngozi kando ya mto Main, karibu na Frankfurt. Baba yake, Ludwig, alikuwa daktari, naye alikuwa Myahudi. Mama yake, Ida, alikuwa Mkristo. Katika nyumba hiyo jambo hili halikuwa na uzito mkubwa, wala binti hakulelewa akijihesabu kuwa Myahudi. Alijihesabu kuwa Mjerumani, basi, kama majirani zake. Akiwa mtoto alipelekwa kwenye klabu ya vitara ya mjini kwao, akafunzwa na mwalimu wa Kiitaliano aliyeitwa Arturo Gazzera.

Niruhusu, msomaji mpendwa, nitete kidogo na jina la mchezo huu katika lugha yetu. Kitara ni upanga uliopinda, ilhali silaha ya Helene, iitwayo floreti, imenyooka kama ubua wa mtama, ni nyembamba, ina ncha butu, na uzito wake hauzidi gramu 500. Anayeishika halengi kichwa wala mkono wala mguu, bali kiwiliwili pekee. Siku hizi waya za umeme ndizo zinazotambua mguso. Wakati huo kulikuwa na mwamuzi mkuu na wasaidizi wanne waliokodoa macho, na mchezaji mwungwana aliyeguswa alikiri mwenyewe. Kabla ya pambano kuanza, wapinzani huinua panga zao hadi usawa wa uso, kisha huziteremsha. Hiyo ndiyo salamu yao. Maana yake ni kwamba nakutambua, na nitapigana nawe kwa sheria ambazo sote wawili tumezikubali. Naomba salamu hiyo tuiweke akilini, maana tutairudia.

Kipaji cha binti huyu kilikuwa cha ajabu. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 14, alikuwa bingwa wa Ujerumani, na ubingwa huo hakuuachilia hadi mwaka 1930. Mnamo 1928 alikwenda Amsterdam akiwa na miaka 17, akarudi na nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Akaongeza ubingwa wa Ulaya mwaka 1929 na tena 1931, ubingwa ambao baadaye ulikuja kuhesabiwa kuwa wa dunia. Alikuwa mrefu, mwenye macho mepesi na nywele za rangi ya dhahabu alizozisuka na kuzizungushia masikioni, akazifunga kwa utepe mweupe. Ujerumani nzima ilimjua kwa sura. Lau wachoraji wa Hitler wangetafuta mfano wa Mjerumani halisi wa kubandikwa ukutani, wasingempata anayelingana na ndoto yao kuliko huyu binti wa daktari Myahudi.

Baba alifariki mwaka 1931. Mwaka uliofuata Helene alisafiri hadi Los Angeles kuutetea ubingwa wake wa Olimpiki, akaambulia nafasi ya tano. Hakurudi nyumbani. Alibaki California kama mwanafunzi katika Chuo cha Scripps, akinuia kujiandaa kwa kazi ya ubalozi. Ndipo, mwezi Januari 1933, Hitler alipotwaa madaraka. Katika muda wa miezi michache tu, klabu ya Offenbach, ile ile iliyomlea na kujivunia jina lake, ililifuta katika orodha ya wanachama. Ufadhili wake wa masomo nao ulikatwa. Aliokolewa na Chuo cha Mills, mjini Oakland, kilichompa kazi ya kufundisha Kijerumani na vitara. Mimi huwaza mara nyingi juu ya vipindi vyake vya Kijerumani: mwalimu aliyekataliwa na nchi, akiwafundisha wageni namna sahihi ya kuitamka lugha ya nchi hiyo.

Septemba 1935 zilitangazwa Sheria za Nuremberg. Sheria hizo, ukizisoma kwa jicho la mwanaisimu, ni kamusi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufasili maneno: nani aitwe Mjerumani, nani aitwe Myahudi, na yule aliye katikati aitweje. Kwa yule wa katikati lilitumika neno ambalo Wajerumani hulitumia pia kwa mbwa wa mbegu mchanganyiko. Helene, mwenye babu na bibi Wayahudi upande mmoja tu, alikuwa wa katikati. Nasi tusijitape kwamba lugha yetu ni safi. Tunalo neno chotara, ambalo halijapata kumpendeza aliyeitwa hivyo. Tena tumelisikia neno madoadoa likitamkwa majukwaani katika Bonde la Ufa, na tunayajua yaliyofuata mwaka 1992 na baada ya uchaguzi wa 2007. Anayeua huanza kwa kubatiza.

Wakati huo huo Berlin ilikuwa ikijitayarisha kuwa mwenyeji wa Olimpiki ya 1936, na huko Marekani kulikuwa na watu wengi waliotaka nchi yao isusie. Wakuu wa michezo wa Marekani waliotaka kwenda, miongoni mwao Avery Brundage na Charles Sherrill, walihitaji ushahidi kwamba Wayahudi hawakubaguliwa katika timu ya Ujerumani. Wanazi nao walihitaji mtu wa kuonyesha. Wakamkumbuka Helene. Aliitwa, naye akataka kwanza ahakikishiwe uraia wake kamili. Mwishowe akakubali, na mwanzoni mwa 1936 akavuka bahari kurudi kwao. Serikali iliyaamuru magazeti yasitaje kabisa asili yake. Ajabu iliyoje! Kwa miaka mitatu walikuwa wamepaza sauti juu ya damu ya watu, na sasa, kwa kuwa walimhitaji, damu ikageuka siri ya serikali.

Alikuwapo mwingine. Gretel Bergmann, mruka juu Myahudi, alilazimishwa kurejea kutoka Uingereza akajiunge na mazoezi ya timu, familia yake ikiwa rehani. Mwezi Juni 1936 aliruka mita 1.60 akaifikia rekodi ya taifa. Barua ya kumwondoa iliandikwa tarehe 16 Julai, siku moja baada ya timu ya Marekani kupanda meli. Hila hiyo haihitaji kufafanuliwa. Timu ya kiangazi ikabaki na Helene peke yake.

Fainali ya vitara vya wanawake ilifanyika mwezi Agosti. Ilona Elek wa Hungaria, naye mwenye asili ya Kiyahudi, alipata dhahabu. Helene akapata fedha. Ellen Preis wa Austria akapata shaba. Walipopanda jukwaani kupokea nishani, Helene, akiwa amevalia nguo nyeupe zenye alama ya Wanazi kifuani, alinyoosha mkono wa kulia mbele, akatoa salamu ya Hitler. Picha ilipigwa, na haijafutika hadi leo.

Picha hiyo huwaonyesha wanafunzi wangu wa isimujamii kila mwaka. Hufanya hivyo kwa sababu tunaposoma kwamba ishara haina maana yake peke yake, kwamba maana hutegemea mtoaji, mpokeaji na mahali, wanafunzi huyaandika hayo daftarini bila kusumbuka. Wakimwona Helene, husumbuka. Aghalabu darasa hugawanyika. Wapo wasemao kwamba aliwauza wenzake. Wapo wasemao kwamba mama na ndugu zake walikuwa bado Ujerumani na kwamba mkono ule uliinuliwa kwa ajili yao. Wengine hudai kwamba Wajerumani wote waliopanda jukwaani walitarajiwa kutoa salamu hiyo, hivyo ilikuwa ada tu isiyosema lolote. Hoja hii ya mwisho siikubali. Ada ndiyo inayosema zaidi, maana husema kwa niaba ya umati.

Mwaka mmoja, msichana ambaye hakuwa na mazoea ya kuzungumza darasani aliinua mkono. Baba yake na mama yake wanatoka katika jamii mbili zilizochinjana mwanzoni mwa 2008, na alikuwa mtoto mdogo mlango wao ulipogongwa na watu wa upande mmoja, kisha wa upande wa pili. Aliniuliza Helene angekataa kwa lugha gani. Nilimjibu kwamba mkono ulioachwa ubavuni nao ni lugha. Akasema mama yake aliijaribu lugha hiyo. Kisha akaketi, nami nikatazama saa ingawa kipindi kilikuwa na dakika nyingi bado.

Tangu siku hiyo nimeuchunguza upya msimamo wangu, na haukubaki kama ulivyokuwa. Bado naamini kwamba Helene alikosea kwenda Berlin. Hakuburutwa. Alikuwa salama California, alikuwa na kazi, na walikuwapo watu waliomsihi asiende. Kwenda kwake kuliwapa Wanazi kile walichokitafuta, na kuliwapa akina Brundage cha kuwajibu wapinzani wao. Lakini nilikuwa nikiisoma salamu ile kama kiapo cha utii, na sasa naiona zaidi kama ombi. Alidhani kwamba akiinua mkono kama wengine wanavyouinua, atahesabiwa miongoni mwao. Alikuwa amezoea salamu ya vitara, salamu inayojibiwa. Hii nyingine haikuwa ya kujibiwa.

Baada ya michezo hakubaki Ujerumani. Alirudi California, kwenye ukumbi wake wa mazoezi. Mwaka 1937, mjini Paris, alimshinda Elek na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu, bado chini ya bendera ile ile. Kisha mlango ukafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alipata uraia wa Marekani. Kati ya 1934 na 1946 alikuwa bingwa wa nchi hiyo mara 8, idadi ambayo peke yake ingetosha kumfanya mtu akumbukwe. Huko Ulaya wengine wa mchezo wake hawakuwa na California ya kukimbilia. Attila Petschauer, aliyetwaa dhahabu na timu ya Hungaria pale pale Amsterdam mwaka 1928, alikufa mwaka 1943 katika kazi ya shokoa. Elek alinusurika, na mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 41, alishinda tena dhahabu mjini London. Ujerumani haikualikwa London, na Helene, Mmarekani wa makaratasi, hakuwamo katika timu ya Marekani.

Juu ya mkono ule hakuacha maelezo ya kutosha kumridhisha mwanafunzi wangu yeyote. Mwaka 1952 alirejea Ujerumani, akaolewa na mhandisi Erwin Falkner von Sonnenburg. Saratani ya titi ilikuwa tayari mwilini mwake. Alifariki mwezi Oktoba 1953, akiwa na umri wa miaka 42, mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya harusi. Gretel Bergmann, aliyehamia Marekani mwaka 1937 na kuapa kwamba hataikanyaga tena Ujerumani, aliishi hadi 2017 akafikisha miaka 103. Alikubali kurudi kuitazama nchi hiyo mwaka 1999.

Ujerumani Magharibi ilimtolea Helene stempu ya posta mwaka 1968. Jina lake likapewa pia barabara katika kijiji cha Olimpiki kilichojengwa Munich kwa ajili ya michezo ya 1972. Nilifika huko nilipokwenda kwenye kongamano la lugha. Nilishuka garimoshi la chini ya ardhi katika kituo cha Olympiazentrum, nikaliona jina lake, Helene-Mayer-Ring, kwenye kibao cha barabara, na wanafunzi walikuwa wakipita na baiskeli zao. Kutoka hapo nilitembea kwa mwendo mfupi tu hadi Connollystraße nambari 31, nyumba ambamo wanamichezo wa Israeli walivamiwa alfajiri ya tarehe 5 Septemba 1972. Waliouawa walikuwa 11. Mmoja wao, Andre Spitzer, alikuwa kocha wa vitara.