Heinrich Gätke, karani wa ndege wa Heligoland

Witu na Unguja twazijua. Lakini kile kisiwa ambacho Uingereza iliipa Ujerumani mwaka 1890, katika mkataba uleule ulioitoa Ujerumani Witu, wachache wetu wamewahi kukiulizia. Ni Heligoland, jabali jekundu katika Bahari ya Kaskazini, lenye ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba. Wenyeji wake hawakuulizwa, sawa na watu wa Witu.

Huko aliishi Heinrich Gätke, Mjerumani aliyezaliwa Pritzwalk mwaka 1814. Alifika 1837 kuchora picha za bahari, asiondoke tena. Akawa karani wa gavana wa Kiingereza, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Ndege wanaosafiri kati ya nchi za baridi na za kusini, wengine hadi huku Afrika, hushuka kwenye jabali hilo kupumzika, na usiku wa giza huvutwa kwa wingi na taa ya mnara wa meli.

Elimu ya ndege hakuisomea. Aliwategemea sana wawindaji wa kisiwani, watu wenye macho makali, waliomletea ndege waliowapiga. Enzi hizo ndege mgeni alipigwa risasi kwanza, ndipo akatambuliwa. Gätke akaandika ni nani kapita, siku gani, kwa upepo gani, kwa miaka kama 50.

Kitabu chake, Die Vogelwarte Helgoland, kilitoka 1891, bendera ishabadilishwa. Kina kosa kubwa. Kuna ndege mdogo mwenye koo la buluu ambaye Gätke hakusikia akionekana njiani, basi akaamini hutoka Misri hadi Heligoland kwa usiku mmoja, zaidi ya kilomita 300 kwa saa! Wataalamu wa baadaye walilikataa, na ni haki yao. Mimi simlaumu sana. Hesabu ilimponyoka, ila daftari lilikuwa la kweli.

Alifariki Januari 1, 1897. Kituo cha utafiti kilianzishwa kisiwani 1910. Watafiti wakachukua ujuzi wa wenyeji, waliokuwa wakinasa ndege wa kitoweo kwa vichaka na nyavu, wakatengeneza mtego mkubwa ambao hadi leo huitwa kwa jina la kisiwa. Ndege akiingia humo huvishwa pete mguuni, kisha huachiliwa aendelee na safari.