Andrew J. Russell, Mpiga Picha wa Reli

Wengi wetu tumeiona vitabuni picha ya injini mbili zikitazamana huko Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, siku reli ilipounganisha mashariki na magharibi ya Marekani. Aliyeipiga ni Andrew J. Russell, aliyezaliwa mwaka 1829.

Kwanza alikuwa mchoraji. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilimtia jeshini, akafika cheo cha kapteni na kupewa kazi ya kupiga picha za reli za jeshi. Mwaka 1868 kampuni ya Union Pacific ikamchukua. Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha: kioo kilipakwa dawa gizani, kikapigiwa picha na kusafishwa kingali kibichi, na yote hayo nyikani.

Katika picha ile wamejaa watu, chupa mikononi. Wachina, waliojenga upande wa magharibi kwa maelfu, ni shida kuwaona.

Vioo vyake viliishia kwa Stephen Sedgwick, aliyezunguka akitoa mihadhara kwa picha hizo, hata zikadhaniwa ni zake. Russell alifariki Brooklyn mwaka 1902. Zaidi ya nusu karne ikapita ndipo jina lake likarudishwa kwenye picha zake.