Muhamadi Kijuma, mkono wa Lamu uliookoa tenzi za Kiswahili

Mjini Goma, kadi ya mwaliko wa ndoa au cheti cha heshima huchapishwa mara nyingi kwa herufi za kulala, zenye mikia inayopinda kama mwandiko wa kalamu. Kompyuta humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Miaka mia moja iliyopita, uzuri wa namna hiyo ulihitaji mkono wa mtu. Katika kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya, mkono uliosifika zaidi ulikuwa wa Muhamadi bin Abubakari Kijuma.

Kijuma alizaliwa Lamu karibu mwaka 1855, wakati kisiwa hicho kilikuwa chini ya masultani wa Zanzibar. Alikuwa fundi wa mambo mengi. Alichonga milango ya mbao, alitunga mashairi, alipiga muziki na kucheza ngoma za mji wake. Lakini kilichobakiza jina lake hasa ni kalamu.

Wakati huo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazikukitosha. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, wakati Kiswahili kina irabu tano. Sauti kama p na v hazina herufi zake. Waandishi wengi waliandika p kwa herufi ya b, hivi kwamba pata na bata yalifanana kabisa, na msomaji akabaki kukisia. Ndiyo sababu mwandishi hodari alitakiwa awe na macho ya fundi na pia aijue vizuri lugha ya mashairi.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne. Katika maandiko ya Kijuma, vipande hivyo vimepangwa katika mstari mmoja, vikitengwa kwa alama ndogo za pambo. Mstari mmoja hufuata mwingine kwa nafasi sawa mpaka chini, na ukurasa mzima unaonekana kama mkeka uliosukwa kwa uangalifu.

Herufi hizo zilifika hata Congo. Misafara kutoka pwani ilileta Kiswahili mpaka Nyangwe na Kasongo, katika Maniema ya leo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyetawala eneo hilo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905. Baadaye, shule za wamisionari na utawala wa Wabelgiji zilieneza herufi za Kilatini, ambazo ndizo zinazotumika hadi leo.

Pwani nako mambo yalibadilika. Utumwa ulifutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907, na matajiri wa Lamu, waliotegemea mashamba yaliyolimwa na watumwa, walidhoofika. Wateja wapya wa Kijuma wakawa wageni kutoka Ulaya waliotafuta mashairi ya kale.

Mwaka 1913 alitunga utenzi wa Fumo Liongo, shujaa ambaye masimulizi yanasema aliuawa na mwanawe kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Alice Werner, aliyefundisha lugha za Afrika huko London, ndiye aliyeuchapisha. Katika miaka ya 1930, Kijuma alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya Mwingereza William Hichens. Mwaka 1936 alifanya kazi na Mjerumani Ernst Dammann, aliyekwenda Lamu pamoja na mke wake. Kijuma alikuwa na umri wa miaka 80 hivi, lakini bado alikuwa akiandika.

Kazi hiyo ilimpa riziki, lakini ilikuwa na gharama yake. Lamu ni mji wa Kiislamu wenye wanazuoni wengi, na ukaribu wake na wamisionari ulizua minong'ono juu ya imani yake. Wasomi nao hawakukubali kila kitu alichowapa. Nakala zake za utenzi mmoja hazilingani kila mara, na wengine wamejiuliza ni maneno gani ya watunzi wa kale na ni yapi ya Kijuma mwenyewe.

Alifariki mwaka 1945. Sehemu kubwa ya maandiko yake iko London na Ujerumani, ambako mwaka 2010 kilichapishwa kitabu kizima juu yake. Mji wake wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini kurasa alizoziandika humo zilikuwa zimeondoka zamani.

Kama asingewauzia wageni nakala hizo, huenda tenzi kadhaa zingeliwa na mchwa pamoja na karatasi zake. Leo baadhi ya kurasa za tenzi hizo zinaonekana kwenye intaneti, na mkaaji wa Goma anaweza kuzifungua kwenye simu yake. Ataona mwandiko mzuri wa lugha anayoizungumza kila siku, lakini bila mtu wa kumfundisha herufi hizo, hataweza kuusoma.