Bernhard Zondek, daktari aliyeisoma mimba kwenye mkojo

Ndoa ikikaa miaka miwili mitatu bila mtoto, mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mke. Huambiwa tumbo lake limefungwa. Ni wachache wanaofikiria kwamba tatizo linaweza kuwa kichwani, kwenye tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Mmoja wa watu waliotufumbua macho kuhusu tezi hiyo, iitwayo pituitari, ni daktari Bernhard Zondek.

Zondek alizaliwa mwaka 1891 katika mji mdogo wa Wronke. Wakati huo mji huo ulikuwa Ujerumani, leo uko Poland. Alisomea udaktari Berlin, akawa daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya Charité, na humo alifanya kazi na mwenzake Selmar Aschheim.

Katika miaka ya 1920 wawili hao walichukua vipande vya pituitari wakavipandikiza kwa panya jike wachanga, ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Baada ya siku chache tu mayai ya panya wale yakapevuka. Mmarekani Philip Smith naye alifikia jambo hilohilo wakati uleule. Ikawa wazi kwamba vifuko vya mayai havijiamrishi vyenyewe. Pituitari hutuma homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Homoni moja hukuza yai, nyingine hulifungua litoke. Siku hizi kwenye karatasi za maabara huandikwa FSH na LH. Ujumbe usipofika, au ukifika bila mpangilio, yai halitoki, na hedhi inaweza kuruka miezi au kukoma kabisa.

Na wanaume wasikilize hapa: homoni hizohizo mbili ndizo zinazoamuru korodani kutengeneza mbegu. Kwa hiyo kumpeleka mke peke yake hospitali ni kupima nusu ya jambo.

Mwaka 1928 Zondek na Aschheim walitangaza kipimo cha mimba. Mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa panya wachanga, na siku chache baadaye panya wakapasuliwa. Vifuko vyao vya mayai vikionekana vimeamka, mwanamke ana mimba. Baadaye maabara zilihamia kwa chura wa Afrika Kusini, ambaye hutaga mayai bila kuuawa. Kijiti cha mimba kinachouzwa leo katika duka la dawa kinatafuta homoni ileile. Zondek aliamini kwamba inatoka kwenye pituitari, lakini hapo alikosea. Inatoka kwenye kondo la nyuma.

Mwaka 1933 Wanazi walishika madaraka, na Zondek akafukuzwa kazi kwa sababu alikuwa Myahudi. Aschheim alikimbilia Ufaransa. Zondek alipitia Sweden, na mwaka 1934 akafika Jerusalem, akaendelea kufundisha na kutibu huko. Mwaka huohuo alieleza jambo la ajabu: mkojo wa farasi dume umejaa homoni tunazoziita za kike. Kumbe mwili haugawi vitu kwa majina tunayovipa sisi.

Alikuwa pia amegundua kwamba wanawake waliokoma hedhi hutoa kwenye mkojo homoni nyingi ya kukuza mayai. Pituitari yao huendelea kupiga kelele ingawa vifuko havisikii tena. Miaka mingi baadaye, nchini Italia, mkojo wa masista wazee ulikusanywa katika nyumba za watawa ili kutengeneza dawa kwa wanawake ambao pituitari yao haitumi ujumbe wa kutosha. Mwaka 1962, nchini Israel, mwanamke aliyetibiwa kwa dawa hiyo alijifungua mtoto wa kike. Zondek alikuwa bado hai. Alifariki New York mwaka 1966.