Casey Jones: dereva aliyekufa mkono ukiwa kwenye breki

Mwezi uliopita nilisafiri kwa basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Tuliondoka tumechelewa zaidi ya saa moja. Tulipovuka Mariakani dereva akaanza kufidia muda, na abiria kadhaa wakamshangilia. Mimi nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, na aliyenijia akilini ni mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Casey Jones.

Wengi wetu tulimjua kwa wimbo, tukadhani ni hadithi ya kutungwa tu. Lakini mtu huyu aliishi. Jina lake halisi ni John Luther Jones. Alizaliwa Missouri, Marekani, katika miaka ya 1860, na utotoni familia yake ikahamia karibu na mji mdogo wa Cayce, Kentucky. Jina la utani alilipata kutokana na mji huo.

Akiwa bado kijana aliingia kazi ya reli, kwanza kwa kupeleka ujumbe wa simu ya maandishi. Mwaka 1888 alijiunga na kampuni ya Illinois Central, akawa mtia makaa, na mwaka 1891 akakabidhiwa injini yake mwenyewe. Ndoto yake ilikuwa imetimia.

Tukija nyumbani kwake, alipokuwa akipanga chumba mjini Jackson, Tennessee, alimpenda Janie Brady, binti wa familia iliyoendesha nyumba ile ya wapangaji. Janie alikuwa Mkatoliki, naye Casey akaamua kuifuata imani hiyo. Alibatizwa Novemba 1886, na mwezi huo huo wakafunga ndoa kanisani. Walijaliwa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Waliomjua walimtaja kuwa mtu wa kanisa na wa familia, asiyegusa pombe. Katika kazi iliyojaa wanywaji, hilo lilionekana.

Alikuwa na filimbi yake aliyoifunga kwenye injini, na mlio wake watu wa kando ya reli waliutambua hata wakiwa kitandani. Husimuliwa pia kwamba siku moja mtoto wa kike aliganda kwa woga katikati ya reli, Casey akatambaa hadi mbele kabisa ya injini iliyokuwa ikitembea, akamnyakua.

Sitaki kumpaka rangi. Casey alipenda kufika kwa wakati kuliko kitu chochote, na pupa hiyo ilimponza. Katika utumishi wake aliadhibiwa mara tisa kwa kuvunja kanuni, na siku alizosimamishwa kazi zilifika 145. Wakubwa walimwadhibu, lakini pia walimpa safari ngumu kwa sababu walijua atafika.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 1900 alikuwa ameshamaliza zamu yake na kufika Memphis. Dereva wa treni ya abiria ya kwenda kusini alikuwa mgonjwa, Casey akakubali kumshikia. Aliondoka saa saba kasoro dakika kumi usiku, akiwa amechelewa dakika 95, na mbele yake safari ya kilomita 300 hivi hadi Canton, Mississippi. Kulikuwa na mvua na ukungu. Msaidizi wake, Sim Webb, Mmarekani mweusi, alitia makaa bila kupumzika. Walipokaribia kituo cha Vaughan, karibu muda wote uliopotea ulikuwa umerudi.

Pale Vaughan treni za mizigo zilikuwa zimejibana kwenye njia ya pembeni, lakini zilikuwa ndefu mno. Bomba la hewa ya breki lilipasuka, mabehewa manne yakabaki kwenye njia kuu. Webb aliona taa nyekundu, akapiga kelele. Casey alimwamuru aruke, naye akaruka. Casey mwenyewe hakuruka. Alibaki akivuta breki na kurudisha injini nyuma, mwendo ukashuka kutoka takriban kilomita 120 kwa saa hadi chini ya 60. Katika treni nzima, aliyekufa ni yeye peke yake.

Ripoti ya kampuni ilimbebesha lawama marehemu, kwamba alipuuza ishara ya mlinzi aliyetumwa kumwonya. Sim Webb hakukubali. Hadi alipofariki mwaka 1957 alishikilia kwamba hakumwona mlinzi yeyote. Nani alisema kweli, sisi hatuwezi kuamua leo. Ila marehemu hajitetei, na aliyejaribu kumtetea alikuwa mtia makaa tu.

Wimbo wa kwanza juu yake ulitungwa na Wallace Saunders, mfanyakazi mweusi wa kusafisha injini aliyemjua na kumpenda. Watu wa majukwaani wakauchukua, wakaugeuza, na toleo moja likadokeza kwamba mkewe alikuwa na mwanamume mwingine. Uongo mtupu. Janie hakuolewa tena. Alivaa nguo nyeusi karibu kila siku na alikana maneno yale hadi alipokufa mwaka 1958. Fikiria, miaka mingi ukisikia watu wakicheka na kuimba matusi juu ya nyumba yako.

Mwaka aliokufa Casey, reli yetu iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa bado inajengwa kuelekea Ziwa Victoria. Leo tuna treni ya haraka, na barabara iliyojaa mabasi. Shida haijabadilika. Tajiri hutaka gari lifike, abiria huwahi, na dereva hubeba hesabu yote. Akifika mapema tunamsifu, na akianguka tunaandika kwamba kosa ni lake.

Mimi namheshimu Casey kwa zile sekunde za mwisho alizokataa kuruka. Zile dakika 95 simsifu kwazo. Tungeziacha zipotee, huenda Janie angemkaribisha mumewe mlangoni, na watoto wale watatu wangekua na baba.

Kwa hiyo safari ijayo, ndugu msomaji, basi likichelewa na dereva akaanza kukimbiza, usimshangilie. Mwambie apunguze. Naye ana watu wanaomngoja nyumbani.