Ibn al-Baytar: Mwanachuoni wa Mitishamba

Ndugu wanafunzi, leo tunamkumbuka Mwislamu aliyeitumikia elimu ya mimea mpaka matabibu wakamtegemea kwa karne nyingi. Naye ni Dhiyauddin Abdullah bin Ahmad, maarufu kwa jina la Ibn al-Baytar, yaani mwana wa tabibu wa wanyama.

Alizaliwa Malaga, katika Andalus (leo Hispania), kiasi cha mwaka 1197 Miladia. Alisoma kwa Abul-Abbas an-Nabati wa Sevilla, na wakitoka pamoja kwenda kukusanya mimea.

Zama hizo palikuwa na tatizo kubwa. Vitabu vya Wayunani Dioscorides na Galen vilikwisha fasiriwa kwa Kiarabu, lakini mmea mmoja ulikuwa na majina mbalimbali, kila nchi na lake. Tabibu akikosea jina, mgonjwa angeweza kunyweshwa sumu badala ya dawa.

Kwa hiyo Ibn al-Baytar hakutosheka na vitabu. Kiasi cha mwaka 1220 aliihama Andalus, akapita Afrika ya Kaskazini mpaka nchi ya Rum (leo Uturuki), akiwauliza wajuzi na kuitazama mimea pale inapoota. Huko Misri, Sultani al-Kamil alimfanya mkuu wa wajuzi wa mitishamba.

Alipokuwa Damascus alipata mwanafunzi, Ibn Abi Usaybi'a, ambaye baadaye aliandika habari za matabibu. Walitoka pamoja nje ya mji kuangalia mimea. Mwanafunzi alistaajabu, kwani mwalimu wake alitaja kwanza maneno ya Dioscorides, kisha ya Galen, kisha ya waliofuata, akibainisha walipokhitilafiana na walipokosea. Mwanafunzi alipovifungua vitabu, aliyakuta ni kama alivyoambiwa.

Mjuzi mwingine wa zama hizo, Rashiduddin as-Suri, alikwenda milima ya Lebanoni pamoja na mchoraji. Kila mmea ulichorwa mara tatu: ukiwa mchanga, ukiwa umekomaa na kutoa mbegu, na ukiwa mkavu. Maana mmea mchanga hubadilika sura ukikua, na aliyeuona mara moja tu hukosea kwa urahisi.

Ibn al-Baytar alikusanya elimu yake katika kitabu cha Al-Jami', chenye dawa na vyakula kiasi cha 1,400 kwa mpangilio wa alfabeti. Alifariki Damascus mwaka 646 Hijria (1248 Miladia). Kitabu chake kilichapishwa Bulaq, Cairo, mwaka 1874.

Ndugu wanafunzi, hapa pana mazingatio. Kwanza, elimu hufuatwa hata kama iko mbali. Pili, habari huhakikishwa kabla ya kupokelewa. Tatu, msile wala kumpa mgonjwa jani msilolijua, hata likifanana na mnalolijua. Waulizeni kwanza wazee na wataalamu.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwanachuoni huyu, nasi atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.